Diski Niliyoifukiza Udi

Mwanangu Swafiya,

Nakuandikia kutoka chumba cha pili, nawe umelala ng'ambo ya ukuta, kwa hiyo nikianza kukuuliza hali nitakuwa najifanya. Hali yako naijua. Umelala kifudifudi, begi umeliegemeza mlangoni ili usilisahau, na asubuhi utalirukia ulisahau vile vile.

Habari za chakula, za nauli, za watu wa kuwaogopa Mombasa na wa kuwasalimia, sitaziandika. Shangazi yako hajafunga mdomo tangu juzi, na yale aliyoyasahau yeye, babako atayakumbuka mkiwa kwenye boti ya Mokowe, ayapige kelele kuishinda mashine. Wewe itikia tu.

Mimi nina jambo moja. Nimelibeba tangu ukiwa kidato cha pili na limenifanya mwongo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ni habari ya diski yenye harusi ya Nuru, binti wa Bi Zena wa Pate. Wewe hukuiharibu. Ilikuwa inakufa kabla hujaigusa, na mimi nilijua. Nimeyaweka haya juu kabisa kwa sababu najijua: ningeyaacha ya mwisho, ningezunguka weee mpaka adhana ya alfajiri, kisha nisiyaandike.

Sasa nikueleze, na unistahimili, maana nitataka kujitetea na sitaki.

Wewe umekulia ndani ya kazi hii lakini mwanzo wake hukuuona. Nilipoolewa mimi hapakuwa na picha hata moja. Siku ya kupamba ni yetu wanawake peke yetu: buibui huvuliwa mlangoni, nywele huachiwa, dhahabu hutoka masandukuni, na bibi harusi hukalishwa juu akatazamwa mpaka achoke. Mwanamume mwenye kamera hatii mguu pale. Kwa hiyo sura yangu ya siku ile imebaki vichwani mwa wanawake waliokuwepo, nao wanazidi kupungua. Nyanya yako alikuwa akiniambia, "Ulipendeza, mwanangu, hujui ulivyopendeza," na kweli sijui. Ndipo mjomba wako alipotuletea kamera ya kanda kutoka Mombasa nikaing'ang'ania, nikasema mabinti wa Amu hii watajua walivyopendeza.

Mwanzo waliniogopa. Baadaye wakaniita kila mtaa. Na nilipowapelekea kanda zao, wengi walizirudisha. Nakumbuka mama mmoja wa Langoni alivyonirudishia yake chini ya kanga, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. "Kaa nayo wewe, Bi Salma," akaniambia. "Kwangu mna wavulana, mna mashemeji. Siku moya ataiweka mtu mbee ya wageni, niumbuke na mwanangu."

Basi nyumba yangu ikawa ndiyo makumbusho ya harusi za watu. Ijumaa baada ya Alasiri walikuja na mahamri yao, babako nikamfukuzia barazani, nasi tukafunga mlango tukatazama. Unakumbuka walivyokuwa wakicheka, na ghafla mmoja kuanza kulia kwa sababu kamuona shangazi yake aliyekwisha kufa akipita nyuma na sinia la halua? Babako mpaka leo hajaona hata pindo la nguo. Hakuna aliyenipa cheo, lakini nilikuwa nacho, na nilikipenda kuliko nilivyowahi kukiri. Nikipita sokoni wanawake walinisalimu kwa sauti ya chini yenye heshima, kwa kuwa nilikuwa nimewaweka wote kwangu.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoingia, mwanangu, na uliingia umevaa nguo za uaminifu.

Kanda zilipoanza kuota ukungu nilijifunza kuzihamishia kwenye diski, kile kijisanduku cha kuchomeka kwenye kompyuta. Hilo nililifanya vizuri. Kisha kanda zenyewe nikazichoma uani, zote, nikikoroga moto kwa mwiko, nikijiona mja mwema: kila kitu kibaki mahali pamoja, chini ya ufunguo mmoja. Harusi zilizofuata zilikuwa za kamera ya kadi, nikazinunulia diski ya pili, na kila nikimaliza kuhamisha niliifuta kadi siku ile ile. Diski zote mbili nikazifunga kila moja kwa kanga yake, nikazitia kwenye sanduku la nyanya yako, na kila Alhamisi nikifukiza nyumba nililifungua sanduku nikalifukiza na lenyewe. Usicheke. Au cheka, nimejicheka sana mwaka huu. Msahafu wa marehemu nyanya yako ulihifadhiwa hivyo, hati za nyumba hivyo, nguo yake ya harusi hivyo, na vyote vimedumu. Nilidhani kutunza ni kufunika, kufunga na kutogusa. Amana ya mtu huifungui kwa raha zako. Ndivyo nilivyolelewa, na kwa dhahabu na karatasi ni sawa.

Nyumba zetu hizi za mawe unazijua. Ukuta unatoka jasho, chumvi inakula bawaba za milango. Ndani ya sanduku lile, katika ile kanga na moshi wangu wa udi, vile vyombo vilikuwa vinaliwa taratibu, nami kila Alhamisi navisomea Fatiha.

Ukarudi likizo kutoka shule ukaniambia ulichofunzwa. Ulikuwa umekaa pale kizingitini unamenya viazi. Ulisema, "Mama, kitu kilicho mahali pamoja tu mwalimu atwambia tuhesabu kimepotea. Tununue diski nyingine. Moja ikae hapa, moja kwa shangazi. Na lazima ziwashwe, zisilale."

Nilikujibu nini? Nalikumbuka neno kwa neno, maana nilijisifu nalo mbele ya watu baadaye. Nilikwambia, "Wataka kuwatembeza wake za watu majumbani bila ya buibui?" Ukaendelea na viazi vyako. Ulikuwa na adabu kuliko nilivyostahili.

Mwaka uliofuata, katika Shaaban, nilikuwa natafuta harusi ya jirani mmoja aliyetaka kuiona kabla ya kuhamia Malindi. Diski ya pili ikaanza kugonga. Tik, tik, kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha. Picha zikaja, zikaganda, zikaja tena nusu, bibi harusi ana kidevu lakini hana macho. Nikachomoa waya. Nikamwambia jirani stima ni dhaifu, aje siku nyingine. Kisha nikaifunga kwenye kanga yake, nikairudisha sandukuni, na Alhamisi ile nikaongeza udi.

Utaniuliza mbona sikuipeleka kwa fundi. Fundi wa kompyuta ni kijana mzuri, mtoto wa watu, lakini ni mwanamume, na angeitengeneza vipi bila kutazama? Kumpa ile diski ni kumfungulia mlango wa kupamba kwa miaka yote. Hapo nilikuwa na udhuru wa kweli, nami nimeutumia mpaka umechakaa. Kwa sababu wewe ulikuwa umekuja likizo, uko chumba cha pili kama sasa hivi, mtoto wa kike, mikono yako myepesi, na kunakili ulikwisha kujua. Ilikuwa bado yasoma kwa kukwama. Pengine tungeokoa nusu, pengine zaidi. Ilinibidi nikuite tu, nikwambie, "Swafiya, ulisema kweli, njoo unisaidie." Ulimi haukunyanyuka. Niliona ni afadhali niombe Mungu ipone yenyewe kuliko nimwambie mtoto niliyemzaa kwamba yeye alijua nami sikujua.

Wazee wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nikiisema methali hii kuwaambia wengine.

Kifo kikaja, tena kikaanza kwa Nuru wa watu. Alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake, Mungu awarehemu. Ulimjua: yule binti aliyekuwa akicheka kwa pua. Baada ya arubaini Bi Zena akatoka Pate. Hakupiga simu. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamwona amesimama na viatu vina matope ya gatini, na kabla ya kukaa akaniambia, "Salma, nimekuya kumtazama mwanangu."

Simu zao zilikuwa na picha za Nuru kidogo, za kitambulisho na za buibui. Lakini Nuru aliyeachia nywele, aliyepakwa hina na kuvishwa dhahabu ya nyanya yake, alikuwa mahali pamoja tu katika dunia hii, na mahali penyewe pamefungwa kanga kwenye sanduku langu.

Nilimpa kiti. Nilimpa maji. Na hapa ndipo kila usiku ninapofika nikageuka upande wa pili wa mto. Nilikuita. Nilikutupia ufunguo wa sanduku, mimi ambaye sikuwahi kumruhusu mtu yeyote kuligusa, hata wewe, hata babako, nikakwambia, "Swafiya, niletee diski ya pili, uiweke."

Kwa nini nilikutuma wewe? Nimejiambia mikono yangu ilikuwa na maji. Nimejiambia nilitaka kukaa na mfiwa. Sikukaa na kusudio kichwani, nakuapia, sikusema moyoni, ife mikononi mwake. Lakini nilijua inagonga, na nilijua aliyeishika ndiye atakayeonekana. Mtu anaweza kufanya jambo bila kulitamka hata ndani yake mwenyewe. Mimi nililifanya hilo kwa mwanangu.

Ukaiunganisha. Haikuwaka. Ukachomoa waya ukachomeka tena, kama angefanya yeyote. Ikagonga, tik, tik, tik, ikanyamaza, na haikusema tena. Ukanigeukia, na uso wako naukumbuka kuliko harusi zote nilizopiga. Bi Zena alikuwa anatazama kioo cheusi cha kompyuta akisubiri. Nami nikasema mbele yake, "Si nilikwambia polepole?"

Sikuwa nimekwambia polepole. Sikuwa nimekwambia kitu.

Ulilia mpaka ukatapika. Ulimshika Bi Zena miguu, ukawa unasema nisamehe, nisamehe, yeye akikupapasa kichwa bila kukuona. "Haidhuru," akasema. "Ni mtoto." Kisha akavaa buibui lake akaenda zake gatini, na boti ilikuwa bado haijajaa, akakaa juani. Nilimwona kutoka dirishani. Ningeweza kuteremka. Ilikuwa mwendo wa kumaliza kikombe cha kahawa. Nikafunga dirisha.

Yaliyofuata unayajua upande wako, lakini upande wangu huujui. Unajua kwamba wanawake walianza kusema mkono wa Swafiya mzito. Hujui kwamba yaliposemwa mbele yangu nilitikisa kichwa, nikasema, "Watoto wa siku hizi wana haraka." Unajua kwamba kwenye kupamba kwa binti wa jirani wasichana wenzako walificha kamera walipokuona, wakacheka, ukaenda kukaa mlangoni, kando ya kikapu ambamo wageni huacha simu zao. Hujui kwamba nilikuona kupitia kamera yangu, nikaigeuza upande mwingine. Hukushika tena mashine yoyote ya nyumba hii. Hata saa ya ukutani ilipokwama ulimwita babako.

Na ulipokuja wakati wa kuchagua masomo, wewe uliyekuwa ukifungua na kufunga ile kompyuta yetu kongwe kama mtu anayemenya ndizi, ukaniambia utasomea ualimu wa watoto wadogo. Nikakuuliza kwa nini. Ulisema, "Nataka kazi isiyo na mashine, Mama. Mimi huharibu." Nilikuwa nakata kitunguu. Nikasema Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi, nikaendelea kukata, nikakikata kitunguu kile mpaka hakikufaa kwa kitu.

Ualimu si kazi ndogo. Ukiwa unaupenda, uende nao na radhi zangu zote. Lakini sitaki upande boti kwa sababu ya uongo wangu. Ukifika huko ukaona moyo wako uko kwingine, badilisha, na maneno ya shangazi yako niachie mimi.

Haya, unajiuliza, mbona sasa? Ningependa kukwambia ni dhamiri. Dhamiri ilichangia kidogo. Ukweli ni kwamba mwaka huu, baada ya Idi ndogo, ile diski nyingine, yenye harusi za zamani, nayo ilianza kubisha. Tik. Nilikaa nayo kitandani nimeishika kwa mikono miwili, na mara ya kwanza tangu siku ile nikajiona nilivyo: mwanamke mzima anayetafuta mtoto wa kumtupia ufunguo. Lakini ulikuwa huligusi tena sanduku. Nikabaki mimi.

Nikanunua diski mpya mbili, nikajifunza kunakili peke yangu wewe ukiwa kwa shangazi yako. Nilikosea sana. Nilifuta kupamba nzima ya mtu, nikairudisha, nikatokwa na jasho, nikaifuta tena. Lakini karibu yote imehama. Na katika kuhamisha nilifika kwenye folda niliyoiita Takataka. Mle, kwa kuwa diski ile ilikuwa na nafasi, nilikuwa nimetupia video zako, zile ulizokuwa ukipiga na kamera ndogo ulipokuwa ukinifuata harusini huna hata meno ya mbele. Vidole vya miguu yako. Paka wa watu. Sinia la chai kwa muda mrefu bila sababu. Sikuzifuta kwa uvivu tu, wala usinisifu.

Moja imeanza na mkeka. Kisha mguu wenye hina mbichi, umeinuliwa usiguse kitu. Uso hauonekani, hauonekani hata mwisho. Lakini mwenye mguu anasema, "Jamani, nipani mai. Dhahabu hini yanitinda shingo." Na sauti yako, ndogo, kali kama ya kadhi, "Bibi harusi hanywi mai! Rangi ya mdomo itatoka!" Kisha yule akacheka. Kwa pua.

Nilikaa sakafuni, Swafiya. Niliitia kwenye simu, nikairudia mpaka simu ikaishiwa chaji.

Nawe juzi uliuliza kwa nini naenda Pate na wewe una mambo yako ya kufungasha. Nilikwambia kuna harusi. Hapakuwa na harusi. Nilipanda boti mpaka Mtangawanda, nikachukua bodaboda, nikamkuta Bi Zena akianika nguo. Nilitaka kuanza na ile sauti. Ndiyo ingelainisha, nikajua. Nikaona hapana, hiyo itakuwa hila nyingine. Nikamwambia kwanza yote: kwamba ilikuwa inagonga tangu Shaaban, kwamba nilijua, kwamba nilikutuma, kwamba sikukwambia polepole.

Aliendelea kuanika mpaka karai likaisha. Kisha akasema, "Miaka yote hini nimemnunia mwana wa watu. Nikimuona Amu nageuza ndia. Nawe wanitazama tu."

"Ndiyo," nikasema.

"Kaomba radhi miguuni mwangu. Na wewe umekaa kitini."

"Ndiyo, Bi Zena."

Ndipo nikamwambia kuna kitu, si picha yake, ni mguu na sauti, na akitaka nitamwekea, na asipotaka nitaondoka. Akafuta mikono kwenye leso, akakaa, akanyosha mkono apewe simu. Alipofika pale pa maji akashika mdomo wake. Akairudisha. Akairudisha nyuma tena. Mwisho akawa anaitikia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni, "Nakuya, mama, nakuletea." Nikatazama ukuta.

Baadaye akaniuliza, "Na huyu mtoto asemao rangi ya mdomo?"

"Ndiye Swafiya."

Nikamwambia kwamba unaondoka, na kwamba nimejifunza nakala ya pili haifai kulala nyumba moja na ya kwanza, na nilitaka ruhusa ya kila mwenye harusi ili nakala moja ikae nawe. Nilijua anaweza kunifukuza.

"Hini ya mwanangu mpe akae nayo," akasema. "Kwake mimi niko radhi. Wewe sijakusamehe, Salma. Pengine nitakusamehe, yeo siwezi." Kisha akanipa chai, maana ni Bi Zena.

Jana Ijumaa wakaja wengine, na mahamri, na mlango tukaufunga. Sikuweka harusi. Nilisimama mbele ya kompyuta, nikawaambia nilichokifanya, kwa jina langu na kwa jina lako. Mmoja alichukua vitu vyake akatoka bila kuaga. Mmoja alisema ninajidhalilisha bure, mambo yamepita. Yule wa Langoni, aliyenirudishia kanda chini ya kanga, akasema, "Kumbe mkono mzito ulikuwa wako," na wakacheka, nami sikuwa na ruhusa ya kununa. Wewe ulirudi kutoka kununua sabuni ukawakuta wanakutazama, ukafikiri una kitu usoni. Wengi wameridhia. Wachache wamekataa harusi zao zitoke nyumba hii, na zao sikuzitia, kwa hiyo usidhani nimesahau.

Ndani ya begi lako, kati ya mashuka, kuna diski. Haikufungwa kanga wala haina harufu ya udi. Neno la kuifungulia sijaliandika hapa wala popote, nitakunong'oneza. Ni wanawake wa mji huu karibu wote, nywele wazi, na umepewa wewe kwa ridhaa yao. Iwashe mara kwa mara, hata kama hutazami kitu. Na ikianza kugonga, nipigie siku ile ile, hata kama niko kazini na dhahabu ya mtu mkononi. Sitakuuliza umeishikaje.

Nilikusudia kuificha barua hii ndani ya begi pia, uikute umeshapita Mokowe, umo kwenye basi, mimi niko huku mbali na macho yako. Nilikwisha hata kuchagua mfuko. Lakini naona ni lile dirisha nalifunga tena. Kwa hiyo nitakupa mkononi asubuhi, kabla ya chai, babako akiwa msikitini. Nitakaa kwenye kile kiti alichokalia Bi Zena, na wewe usome mbele yangu mpaka mwisho. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kuondoka bila kuniaga, begi nitakubebea mpaka gatini nikufuate nyuma. Na ukitaka kusema neno, sema lote, mwanangu, usinihurumie. Safari hii sitakwambia polepole.

Mamako,
Salma